Herufi Moja Chini ya Ukurasa: Wanawake Walioibeba Riwaya ya Kiingereza

Na Mwandishi Wetu

*Historia ya riwaya ya Kiingereza imezoea kuanza na wanaume watatu: Daniel Defoe, Samuel Richardson na Henry Fielding. Vitabu vyenyewe vinashuhudia mengine: wanawake waliandika, walichapa, waliuza, na serikali ilipokasirika, walikamatwa.*

LONDON, Oktoba 1709. Mwanamke anahojiwa na serikali ya Malkia Anne kwa amri ya waziri, Earl wa Sunderland. Swali ni moja, linazungushwa kila upande: nani amekupa siri hizi?

Mwanamke huyo ni Delarivier Manley. Mwaka huo ametoa kitabu cha juzuu mbili, *The New Atalantis*, na mji mzima unakisoma. Ni hadithi ya kisiwa ambacho hakipo, chenye wakubwa wanaolaghaiana, kusalitiana na kuuza vyeo. Lakini wasomaji wa London wanawatambua wakubwa hao mmoja mmoja. Ni vigogo wa chama cha Whig, akiwamo Duke wa Marlborough, jemadari mkuu wa majeshi.

Serikali ilikuwa imeanza kuwakamata waliokichapisha, John Morphew na J. Woodward, pamoja na mchapaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, Manley alijisalimisha ili wasiumie wao kwa kosa lake.

Mbele ya wahoji hakutaja mtu. Alishikilia kwamba hiyo ni hadithi aliyoibuni, na ikiwa inafanana na watu wa kweli basi huenda alishushiwa ufunuo. Walipomwambia kuwa ufunuo huja kwa mambo mema na kitabu chake ni kiovu, aliwajibu kwamba hata malaika waovu wapo. Ndivyo alivyolisimulia tukio hilo katika *The Adventures of Rivella*, kitabu alichokitoa mwaka 1714.

Aliachiwa kwa dhamana, na Februari 1710 kesi ikafutwa.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa makini. Hapa neno "hadithi" linatumika kama utetezi wa kisheria, na anayelitumia ni mwanamke aliyeishi kwa kalamu yake. Miaka 10 kabla ya *Robinson Crusoe* ya Defoe, kitabu ambacho wengi tulifundishwa kuwa ndicho mlango wa riwaya ya Kiingereza, Manley alikuwa ameshauonja ulinzi wa kubuni na gharama yake.

Kabla ya Manley

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1578 Margaret Tyler alichapisha tafsiri ya hadithi ya mashujaa kutoka Kihispania, na katika dibaji akatetea haki ya mwanamke kuandika mambo ya vita na mapenzi kama mwanamume.

Mwaka 1621 Lady Mary Wroth akatoa *Urania*, hadithi ndefu ya nathari inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kubuniwa na Mwingereza mwanamke kuchapishwa. Bwana mkubwa mmoja, Lord Denny, alijiona humo na aila yake, akamshambulia kwa shairi la matusi. Wroth alimjibu kwa shairi. Hata hivyo ilimbidi kuahidi kwamba nakala zitaondolewa sokoni.

Kisha ukaja mwaka 1666, mwaka ambao London iliungua na wauza vitabu waliokuwa wamehifadhi mali yao chini ya kanisa la St Paul's wakapoteza karibu kila kitu. Mwaka huo Margaret Cavendish, Duchess wa Newcastle, alitoa *The Blazing World*, hadithi ya msichana anayeingia dunia nyingine kupitia ncha ya kaskazini na kuwa malkia wa viumbe wanaosema. Siku hizi wapenzi wa hadithi za kisayansi humtaja kama bibi yao.

Jina la Cavendish liliandikwa waziwazi, kwa kuwa mke wa Duke hakuwa na wa kumwogopa. Lakini shusha macho hadi chini ya ukurasa wa jina, pale panapoandikwa aliyechapa. Imeandikwa A. Maxwell. Huyo A ni Anne, mjane aliyeendesha mtambo wa uchapaji kwa jina lake. Kwa hiyo kitabu kile kilikuwa kazi ya mwanamke juu na mwanamke chini ya ukurasa, na kwa karne nyingi waliokisoma walimwona wa juu peke yake.

> Kilikuwa kazi ya mwanamke juu na mwanamke chini ya ukurasa. Waliokisoma walimwona wa juu peke yake.

Bahati ya mjane

Kwa nini mjane? Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimhesabu mke kuwa amemezwa na mumewe. Hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake wala kumiliki alichochuma. Mjane alirudishiwa nafsi yake. Chama cha wachapaji na wauza vitabu, Stationers' Company, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1557, kilimruhusu mjane wa mwanachama kuendelea na biashara na hata kuchukua wanagenzi.

Hivyo majina ya wanawake tunayoyaona chini ya kurasa ni sehemu ndogo ya waliofanya kazi. Mke aliyepanga herufi, aliyekunja karatasi au aliyeshika daftari la madeni kwa miaka 20 haonekani popote. Anaonekana siku mume anapofariki. Thomas Cooper alipokufa mwaka 1743, mkewe Mary alishika duka la Paternoster Row na kuliendesha hadi mwaka 1761. Haiyumkini mtu aanze kuendesha biashara ya namna hiyo akiwa mgeni kwayo. Alikuwa akiijua siku zote.

Ngao au mfanyabiashara?

Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika, na ndipo mimi nilipokaa muda mrefu zaidi.

Upande mmoja wanasema majina haya yasituhadae. Mtafiti Michael Treadwell alionyesha mwaka 1982 kwamba London ilikuwa na kundi dogo la wachapishaji ambao kazi yao ilikuwa kuweka jina na kusambaza. Mwenye hakimiliki alikuwa mwingine, aliyejificha nyuma, kama dalali anayetia saini mkataba wa nyumba isiyo yake. Mary Cooper alikuwa mmoja wao. Duka la kina Dodd, lililokuwa karibu na lango la Temple Bar likijulikana kwa jina la A. Dodd, yaani Anne, lilifanya kazi hiyohiyo. Mshairi Alexander Pope alipotoa shairi la kejeli *The Dunciad* mwaka 1728 bila kujitaja, jina lililowekwa ni A. Dodd.

Upande wa pili unaongozwa na Paula McDowell, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998, *The Women of Grub Street*, kilipekua kumbukumbu za serikali na kukuta wanawake wamejaa humo: wachapaji, wauzaji wa jumla, wachuuzi wa barabarani. Elizabeth Nutt, aliyeuza machapisho pamoja na binti zake kwenye soko la Royal Exchange, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa machapisho ya uchochezi. Anne Dodd naye yalimpata.

Nikizisoma hoja zote mbili, naona Treadwell yuko sahihi kuhusu hakimiliki. Lakini hitimisho kwamba wanawake hawa walikuwa majina matupu linaniudhi. Ikiwa jina la mtu limewekwa ili askari wamwendee yeye kwanza, basi kukamatwa ni sehemu ya kazi yake. Aliyelala korokoroni kwa ajili ya kitabu ana dai juu ya kitabu hicho, hata kama faida ilikwenda kwa mwingine.

Tena si vitabu vya pembeni. Henry Fielding, mmoja wa wale wanaume watatu, alipotaka kumkejeli Samuel Richardson mwaka 1741 kwa kijitabu *Shamela*, chini ya ukurasa palisomeka A. Dodd. Mwaka 1746 hadithi yake *The Female Husband* ilitoka kwa M. Cooper. Fielding huyu anayeitwa baba wa riwaya alifikishwa kwa wasomaji na maduka yenye majina ya wanawake.

Aphra Behn na mwanamfalme kutoka Afrika

Kati ya Cavendish na Manley yupo Aphra Behn, na huwezi kumruka. Mwaka 1666 alikuwa jasusi wa Mfalme Charles II huko Antwerp, akiandika barua za kuomba pesa ambazo hazikujibiwa inavyostahili. Aliporudi na madeni alianza kuandika tamthilia, akalipwa, akaendelea. Kati ya 1684 na 1687 alitoa bila jina juzuu tatu za hadithi ya mapenzi na siasa iliyojengwa kwa barua, zaidi ya nusu karne kabla ya Richardson kusifiwa kwa mtindo wa barua.

Mwaka 1688, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, William Canning alimchapishia *Oroonoko*. Shujaa wake ni mjukuu wa mfalme kutoka Coramantien, pwani ambayo leo iko Ghana. Anahadaiwa na nahodha, anauzwa utumwani Suriname, anaongoza watumwa wenzake kuasi, na anauawa kikatili. Msomaji wa Afrika atakuta humo mambo ya kumchoma. Shujaa anasifiwa kwa kuwa hafanani na Waafrika wengine, na kabla ya kutekwa yeye mwenyewe aliuza mateka. Lakini kitabu kinamweka Mwafrika katikati ya hadithi, na kinamwonyesha Mzungu akivunja ahadi mara kwa mara.

Yaliyofuata ni mfano wa jinsi jina linavyodondoka. Mwaka 1695 Thomas Southerne aliigeuza hadithi hiyo kuwa tamthilia, na katika karne iliyofuata watu wengi walimjua Oroonoko kupitia jukwaa. Behn amezikwa kwenye ukumbi wa Westminster Abbey, ila vitabu vyake vilianza kuonwa vichafu na kuwekwa kando. Mwaka 1999 Mnigeria Biyi Bandele aliiandika upya *Oroonoko* kwa ajili ya kampuni ya Royal Shakespeare, na Afrika ya shujaa ikapewa uzito wake.

Haywood hakunyamazishwa

Mwaka 1719, mwaka wa *Robinson Crusoe*, mwigizaji kijana aitwaye Eliza Haywood alianza kutoa *Love in Excess*. Wasomaji waliipokea kwa kishindo, nayo ikawa miongoni mwa hadithi zilizonunuliwa sana kabla ya *Pamela* ya Richardson ya mwaka 1740. Katika miaka ya 1720 aliandika kwa kasi ambayo wachache waliiweza.

Pope alimshambulia ndani ya *The Dunciad*. Alimfanya zawadi ya mashindano ya aibu kati ya wauza vitabu wawili. Kwa muda mrefu walimu walifundisha kwamba shambulio hilo lilimzima Haywood, akarudi baadaye akiwa ametubu na kuandika hadithi za maadili.

Simulizi hiyo ni nzuri kwa mahubiri, lakini maisha yake yanaikataa. Katika miaka ya 1730 alikuwa jukwaani, pamoja na kundi la Henry Fielding, hadi sheria ya mwaka 1737 ilipobana majumba ya maigizo. Mwaka 1741 alifungua duka lake la vitabu Covent Garden, chini ya alama aliyoiita Fame, yaani Umaarufu. Kati ya 1744 na 1746 aliandika jarida *The Female Spectator*. Kufikia mwisho wa 1749 alikuwa amekamatwa kwa kijitabu kilichomhusu mwana wa ukoo wa Stuart aliyedai taji. Mwaka 1751 akatoa *Betsy Thoughtless*, riwaya ndefu ya msichana anayeolewa vibaya na kumwacha mume katili.

> Aliandika, aliigiza, alifungua duka, alikamatwa. Huyo ndiye mwanamke tuliyeambiwa alinyamazishwa na shairi.

Hapo pia kuna mvutano. Orodha ya kazi zake ilifika zaidi ya 70, na mwaka 2011 Leah Orr aliandika kwamba nyingi zimepachikwa jina la Haywood kwa ushahidi dhaifu. Nakubaliana naye kwamba ushahidi lazima upimwe. Kumpa mwanamke kitabu asichokiandika hakumrudishii heshima yoyote. Lakini hata ukipunguza orodha, kazi zenye jina lake na zenye uthibitisho zinatosha kumweka mstari wa mbele.

Pesa ilikwenda wapi

Frances Burney aliandika *Evelina* kwa siri. Alikuwa akimnakilia kazi baba yake, mwanahistoria wa muziki, hivyo aliogopa wachapaji wataujua mwandiko wake. Aliunakili mswada mzima kwa mwandiko wa kujificha na kumtuma ndugu yake wa kiume kwa mchapishaji. Thomas Lowndes aliununua kwa gini 20, yaani pauni 21, nao ukatoka mwaka 1778. Kitabu kikawa gumzo la London.

Burney alijifunza. *Camilla*, mwaka 1796, aliitoa kwa njia ya wasomaji kulipa mapema, gini moja kila mmoja, na zaidi ya 1,000 walijiandikisha. Pamoja na mauzo ya hakimiliki alipata takriban pauni 2,000, akajenga nyumba na kuiita kwa jina la kitabu. Katika orodha ya waliolipa mapema yumo binti wa kasisi kutoka kijiji cha Steventon: Miss J. Austen.

Miaka saba baadaye binti huyo aliuza mswada wake kwa Benjamin Crosby kwa pauni 10. Crosby aliutangaza, kisha akaukalia. Mwaka 1816 Austen aliununua tena kwa bei ileile, nao ukatoka mwishoni mwa 1817, yeye akiwa ameshafariki, kwa jina *Northanger Abbey*. Hakimiliki ya *Pride and Prejudice* ilimpa pauni 110. Alitaka 150. Ann Radcliffe alikuwa amelipwa 500 kwa *The Mysteries of Udolpho* mwaka 1794, kiasi kilichowashangaza watu.

Aliyenigusa zaidi ni Charlotte Smith. Alizaa watoto 12 na mume mbadhirifu aliyefungwa kwa madeni, akaingia gerezani kukaa naye. Alipomwacha mwaka 1787, alianza riwaya ili watoto wale. *Emmeline* ilitoka mwaka 1788 na kuisha sokoni haraka. Lakini talaka hakuwa nayo, na kisheria kila senti aliyochuma ilikuwa ya mume, ambaye aliweza kuidai na aliidai. Barua zake kwa wachapishaji zimejaa hesabu, maombi ya malipo ya mapema na uchovu. Sheria ya mali ya wake ilianza kubadilika mwaka 1870, Smith akiwa amekufa miaka 64.

Orodha mbili

Majina haya yalipoteaje, basi, ikiwa vitabu viliuzwa hivyo? Jibu moja liko katika orodha mbili zilizotofautiana kwa zaidi kidogo ya miaka 10.

Mwaka 1810 Anna Laetitia Barbauld alihariri *The British Novelists*, mfululizo wa juzuu 50. Aliwaweka wanawake wanane: Charlotte Lennox, Frances Brooke, Clara Reeve, Burney, Smith, Elizabeth Inchbald, Radcliffe na Maria Edgeworth. Behn, Manley na Haywood aliwaacha nje, na hilo ni pengo lake.

Kati ya 1821 na 1824 ulitoka mfululizo mwingine, wenye dibaji za Sir Walter Scott, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika riwaya ya wakati huo. Wanawake walikuwa wawili, Reeve na Radcliffe.

Wanane wakawa wawili, na wanunuzi wa maktaba za nyumbani walinunua walichowekewa. Mwaka 1957 Ian Watt alipoandika *The Rise of the Novel*, kitabu kilichotawala vyuo vikuu kwa kizazi kizima, alijenga hoja yake juu ya Daniel Defoe, Richardson na Fielding. Watt mwenyewe alikiri kwamba riwaya nyingi za karne ile ziliandikwa na wanawake. Kwake hilo lilikuwa suala la wingi tu.

Mwaka 1986 Dale Spender alimjibu kwa *Mothers of the Novel*, akiorodhesha wanawake 100 waliotoa riwaya kabla ya Austen. Mwaka huohuo Jane Spencer akatoa *The Rise of the Woman Novelist*, chenye upembuzi wa ndani zaidi. Waliowapinga walisema kuhesabu majina si kupima ubora. Nawauliza: ubora huo ulipimwa lini, na nani, ikiwa vitabu vyenyewe havikuwa vimechapwa upya kwa miaka 200?

Hesabu inaendelea

Ugumu uliobaki ni wa ushahidi. James Raven amekadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya riwaya zilizotoka Uingereza kati ya 1750 na 1790 hazikuwa na jina la mwandishi. Nyingine ziliandikwa kuwa zimetungwa na "bibi mmoja", na wanaume nao walijifanya mabibi pale soko lilipowapenda mabibi.

Kazi ya kupekua inafanyika sehemu mbili ninazozifahamu. Huko Hampshire, Uingereza, Chawton House, jumba lililokuwa la kaka yake Jane Austen, lilifunguliwa mwaka 2003 kama maktaba ya maandishi ya wanawake wa zamani. Nchini Kanada, Chuo Kikuu cha Simon Fraser kina mradi wa kidijitali, Women's Print History Project, unaoongozwa na Michelle Levy. Mradi huo unaorodhesha waandishi na, sambamba nao, wachapaji, wachapishaji na wauza vitabu wanawake, kitabu kwa kitabu, hadi mwaka 1836.

Kila rekodi inahitaji mtu aketi na ukurasa wa jina, atafute katika daftari za chama, wasia na vitabu vya kanisa, aamue kama herufi iliyotangulia jina la ukoo ni ya Anne au ya Andrew, Mary au Matthew. Kazi hiyo bado haijaisha.